Kopo la Akiba

Mimi si mtu wa kushangazwa. Nasema hivi nikiwa na akili zangu timamu, na wanaonijua hapa Tabora hawatabisha. Nimeona kijiji kizima kikihamishwa kati ya asubuhi na jioni, watu wamebeba milango ya nyumba zao vichwani kwenda kuijengea nyumba nyingine penye bendera. Nimeona matajiri wa mjini, wenye malori mawili mawili, wakilala matajiri na kuamka wakigawiwa majembe. Nimeona treni ya Kigoma ikichelewa siku nne, halafu ikaingia bila behewa hata moja la mizigo, na watu wakapiga vigelegele kwa kuwa kichwa angalau kimefika. Yote hayo niliyapokea kama mtu anavyopokea chenji. Kwa hiyo siku daktari mmoja aliponiambia kwamba mtu anaweza kuwa yuko njiani kufa huku anasonga ugali na kuimba, wala sikushangaa. Nilicheka.

Kwanza ujue ni nani aliyecheka. Nimezaliwa Kwihara. Shule niliishia darasa la pili, baba alipofariki. Madrasa nilifika mbali kidogo. Kusoma nasoma, kuandika ndiko huku unakoona. Lakini hesabu za kichwani nawashinda makarani, na hilo nimelionyesha mbele ya makarani wenyewe. Nilianza na baiskeli moja ya kukodi. Chumvi ya Uvinza ilikuwa ikiteremshwa Kaliua. Mimi naifunga gunia zima nyuma ya baiskeli, naingia nayo porini siku tatu kwa warina asali, narudi na nta. Babu zetu waliibeba chumvi hiyo hiyo mabegani katika njia hiyo hiyo, wakilipwa kitambaa na watu wengine. Mimi nilijilipa mwenyewe. Tulipopata uhuru nilikuwa na baiskeli tatu. Miaka michache baadaye nina duka la bati, ghala nyuma yake, na kila chungu kilichochemka kati ya Kigwa na Kwihara kilikuwa na mkono wangu ndani.

Siri yangu ilikuwa moja tu, naitoa bure. Bidhaa ikianza kuadimika, wajinga huuza haraka kwa kuwa wanunuzi wamejaa mlangoni. Mimi nilibana. Aliyezoea vibaba viwili nampa kimoja, aliyezoea kimoja nampa nusu, mpaka majirani zangu wote wameishiwa na mimi bado nina gunia zima halijafunguliwa. Kwa kubana huko sikuishiwa chumvi hata siku moja, masika wala kiangazi. Waliniita mlanguzi, waliniita kupe, balozi wa nyumba kumi alinitaja mkutanoni mara mbili. Kesho yake yeye mwenyewe alikuja kununua.

Mke wangu nilimwoa Kigwa. Mwanamke mkubwa wa mwili na wa sauti. Akicheka dukani, walioko stesheni wanamsikia. Watoto wetu wanne walikuwa wamekwisha kuoa na kuolewa, wako mbali, nyumbani tumebaki wawili. Gunia jipya likifunguliwa, yeye ndiye aliyeonja kwa ncha ya ulimi akasema hii ina mchanga, hii safi. Hakukosea hata mara moja, na mimi si mtu wa kusifu watu ovyo.

Sasa huyo daktari. Alikuwa kijana aliyesomea ng'ambo, amerudi na koti moja na masanduku manne ya majarida. Majarida hayo yalikuwa na habari za utafiti mpya wa magonjwa ya ndani ya mwili: moyo, figo, mapafu, damu. Mwalimu wake wa zamani aliendelea kumtumia kwa meli, kisha kwa treni, na yalipofika Tabora yalikuwa yamekaa njiani miezi. "Huku kwetu, mzee," aliniambia, "habari mpya zinafika zikiwa na mvi." Kila Alhamisi mchana aliwakusanya madaktari na matabibu wa mjini, na wale wa misheni waliopata usafiri, akawasomea yaliyogunduliwa na kuwauliza: je, sisi wagonjwa wetu tunawatibu hivi au tunawatibu kama walimu wetu walivyowatibu wagonjwa wao waliokwisha kufa?

Siku moja akaja dukani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba daktari. Chumvi kiasi gani?"

"Sijaja kununua. Nataka uje Alhamisi uwafundishe madaktari."

"Mbona umechelewa kuja?" nikamwambia.

Alitaka kujua familia ya hapa inanunua chumvi kiasi gani kwa mwezi, na kama imeongezeka tangu zamani. Katika vitabu hamna, alisema, karani wa serikali hajui, ni mimi peke yangu ninayejua. Jambo hilo lilikuwa kweli kabisa. Nilivaa kanzu mpya na koti. Na kwa kuwa siendi kwa watu mikono mitupu, mke wangu alikuja nyuma yangu na birika la chai na beseni la maandazi.

Walikuwapo watu kama kumi na wawili. Mmoja nilimjua vizuri, tabibu mzee wa Kizaramo aliyehamia Tabora tangu enzi za Mwingereza na kusahau kurudi kwao. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu zama za misafara, babu zetu waliposhuka pwani na mizigo. Kuna mengi mtani anaruhusiwa kukufanyia ambayo mtu mwingine angeyafanya mngepelekana polisi, na wewe huruhusiwi kukasirika. Aliponiona tu alianza.

"Jamani, angalieni mifuko yenu. Bepari wa chumvi amepanda jukwaani."

"Mwacheni huyo," nikasema. "Babu yake alikaa chini ya mnazi anamngoja babu yangu amletee mzigo, mpaka leo hajainuka."

"Na babu yako alitembea miezi mitatu na mzigo kichwani, kufika pwani akaulizwa unataka nini, akasema nataka mzigo wa kurudi nao."

Watu wakacheka, hata mke wangu na birika lake. Kisha nikasema niliyoitiwa. Niliwatajia vibaba na magunia kijiji kwa kijiji, bila karatasi, na jinsi watu walivyozidisha chumvi tangu dagaa na samaki wa kukausha walipoanza kuja na treni. Madaktari wakaandika. Nimewahi kupata faida nyingi maishani lakini sijawahi kuona watu kumi na wawili wenye viatu vya ngozi wakiandika maneno yangu. Hata leo nikikumbuka naona raha, na naona aibu kuona raha.

Daktari akafungua majarida. Nitaeleza kama nilivyoelewa. Damu ina msukumo, ambao watu huuita presha. Zamani walimu wao waliwafundisha kwamba presha ya mtu mzima ikipanda ni kawaida tu, kama mvi, na kwamba ugonjwa huo hasa ni wa Wazungu. Tabibu mzee aliunga mkono: "Mimi nilifundishwa kabisa. Mtu akizeeka anahitaji presha kubwa ili damu ifike kichwani. Ukiishusha unamuua."

"Na mimi nilifundishwa hivyo hivyo," daktari akasema. "Tulifundishwa vibaya, mzee wangu. Haya hapa. Waliwachukua watu wasiojisikia chochote, hawaumwi kichwa, hawaumwi kifua, wanafanya kazi. Wengine wakapewa dawa kila siku, wengine hawakupewa. Wasiopewa ndio walioanguka kwa kiharusi zaidi. Mtu asiyeumwa ndiye wa kutibiwa."

"Nitamwambiaje mtu asiyeumwa anywe dawa?" tabibu akauliza. "Mnyamwezi huyu hapa hanywi dawa hata akiumwa, anaiuza."

Ndipo daktari akasema habari ya ugali na kuimba, ndipo nikacheka. Kutuonyesha, akanifunga mkononi mfuko wa kitambaa, akajaza upepo, akasikiliza. Zebaki kwenye kioo ilisimama pazuri, akasema presha yangu ni ya kijana. Nikawaambia sikuwa na shaka. Halafu tabibu mzee, kwa utani tu, akamvuta mke wangu: "Sasa tumpime huyu anayelishwa chumvi bure."

Mke wangu akaweka birika chini na kunyoosha mkono, bado anatabasamu. Zebaki ikapanda. Daktari akaiachia ishuke, akapima tena. Akapima mkono wa pili. Tabibu mzee akainama kuangalia kioo, akanyamaza. Hapo ndipo nilipojua kuna jambo, kwa kuwa sijawahi kumwona mtu huyo amenyamaza.

"Mama, kichwa kinakuuma?"

"Hakiumi."

"Kizunguzungu? Macho?"

"Mwanangu, mimi ni mzima. Nimekanda maandazi haya alfajiri mikono yangu yote miwili."

Daktari hakuwageukia tena wenzake. Alizungumza na yeye tu, na nilipenda jinsi alivyozungumza. Alimwambia apunguze chumvi. Alimpa vidonge vidogo vyeupe, kazi yake kuitoa chumvi na maji mwilini kwa njia ya mkojo. Kimoja kila siku asubuhi.

"Hii si dozi ya malaria, mama. Haina siku ya kumaliza. Unakunywa ukijisikia mzima, unakunywa ukijisikia vibaya."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mwisho."

"Mwisho wa dawa au mwisho wangu?"

Watu wakacheka. Daktari alicheka mwisho, na kidogo.

Nyumbani tulijaribu. Siku ya kwanza alipika mlenda bila chumvi, na mimi nikaula kwa heshima, mpaka nusu. "Chapwa," nikasema. Akasema, "Unajua mwenyewe." Siku ya tatu akaja mgeni, na haiwezekani mgeni atoke nyumbani kwa muuza chumvi akatangaze mjini kwamba huko wanakula chapwa. Ikarudi chumvi kwenye chungu. Akasema atajipikia chake pembeni. Alifanya hivyo wiki moja, akachoka, maana mwanamke gani anapika vyungu viwili kwa watu wawili?

Lakini vidonge alikunywa. Alilalamika kwamba kila saa yuko chooni. "Hii dawa au adhabu, baba watoto?" Hata hivyo alikunywa, na baada ya mwezi zebaki ilikuwa imeshuka vizuri, na daktari akafurahi kama yeye ndiye aliyezaliwa upya.

Ila daktari huyo alikuwa na wasiwasi. Vitu vilianza kukosekana nchini: sukari, sabuni, vitambaa vya sanda, tairi za baiskeli. Alinivuta pembeni akaniambia hajui dawa ile itaendelea kuletwa mpaka lini, na asingependa mama akatishe hata wiki moja. "Ukiacha ghafla inarudi, mzee. Na ikirudi haipigi hodi."

"Niandikie jina lake kwenye karatasi," nikamwambia. "Kuna bidhaa gani nchi hii imenishinda?"

Nilimpa karatasi mhudumu wa behewa la chakula wa treni ya Dar es Salaam, mtu wangu wa siku nyingi. Baada ya wiki mbili akateremka stesheni na kopo kubwa la bati, vidonge mia tatu. Pamoja na chai yake kila kimoja kilinisimamia senti thelathini. Nilipita nalo hospitali kumwonyesha daktari kabla sijafika nyumbani, ninakiri. Alilishika kopo kwa mikono miwili.

"Mzee, wewe ni serikali," alisema.

Hospitali ya watu wengine ingeweza kuishiwa. Mke wangu hangeishiwa. Nililiweka kopo ghalani juu ya magunia, mahali pakavu, nikafunga kwa kufuli. Kila asubuhi nilimtolea kimoja mwenyewe. Haya yalikwenda wiki sita.

Kisha likaja lililokuja. Daktari alimpima, akasema presha iko sawa kabisa. Na nikasikia mjini kwamba dawa zimekwisha, kwamba watu wanarudi na karatasi mikononi. Nikaingia ghalani nikalitazama kopo, na sikuliona kama dawa. Ningeandika vinginevyo ningekuwa mwongo. Niliona bidhaa imeadimika na mimi ndiye mwenye shehena.

"Leo hakuna kidonge," nikamwambia asubuhi.

"Vimekwisha?"

"Vipo. Tunabana. Kimoja kwa siku mbili. Vikija kukosekana Dar es Salaam nzima, wewe bado utakuwa navyo."

"Daktari alisema kila siku."

"Daktari amesoma udaktari, hajasoma biashara. Unajisikiaje?"

"Mzima."

"Basi tusile akiba wakati tumeshiba."

Akafikiri kidogo, akacheka kile kicheko chake. "Angalau nitapumzika na choo," alisema.

Miezi ikapita hivyo. Akawa mzima, alibeba debe la maji kichwani, alienda kwao Kigwa kwa maulidi akarudi na matobolwa kikapu kizima, viazi vile vya kuchemsha na kukausha. Kadiri alivyokuwa mzima ndivyo nilivyozidi kubana. Mwishoni nilisema: tutakunywa kichwa kikiuma. Kichwa chake hakikuwa cha kuuma. Nililiangalia kopo likikaa bila kushuka na nilijiona nimeishinda nchi nzima.

Katika miezi hiyo nilikutana na daktari mara tatu, nne. Alikuwa anazunguka vijijini, amechakaa, shati linamning'inia. Kila mara aliuliza swali moja.

"Mama vidonge bado anavyo?"

"Anavyo tele, daktari."

Hakuna neno la uongo humo. Tabibu mzee aliniambia baadaye kwamba Alhamisi moja daktari aliwaambia wenzake: katika mji mzima nina mgonjwa mmoja tu wa presha ambaye hajakosa dawa hata siku moja, na mumewe hajamaliza darasa la tatu, nyinyi mwaonaje? Alinisifu mbele ya madaktari. Ningekuwa nimemwomba anisifu asingenisifu vizuri kuliko hivyo.

Ilikuwa asubuhi, jua limepanda kidogo. Mke wangu alikuwa uani anapeta mchele, anaimba. Niko dukani napima karanga. Wimbo ukakatika katikati ya neno. Nilisubiri amalizie neno lile. Nilisubiri kweli, kama mtu anayesubiri chenji, kisha nikasikia ungo ukianguka.

Alikuwa ameketi chini, mgongo ukutani, mchele umemwagika mapajani. Upande mmoja wa uso ulikuwa umeshuka. Jicho la upande wa pili lilinitazama vizuri kabisa, lile la kawaida, la kuniuliza jambo. Nilimwita. Alitaka kunijibu, na kilichotoka hakikuwa neno.

Sikukimbilia kwa jirani, sikukimbilia gari. Nilikimbilia ghalani. Nilifungua kufuli. Nikarudi na kopo, nikamtia vidonge mdomoni, vitatu, vinne, nikamimina maji, na maji yote yakatokea upande ule ulioshuka, na vidonge vikatoka na maji vikaanguka kwenye mchele. Niliviokota nikavifuta. Nikavirudisha ndani ya kopo. Ndivyo nilivyofanya, mkono ulikwenda wenyewe.

Tulimpeleka hospitali kwa mkokoteni wa chumvi. Daktari alikuwepo siku hiyo, na tabibu mzee pia. Walimlaza, wakampima, na zebaki ilifika karibu na mwisho wa kioo. Daktari akanigeukia. Hakuwa na hasira, alikuwa na huruma, alikuwa amekwisha kunitafutia udhuru.

"Vidonge vimekwisha lini, mzee? Ungenitumia mtu."

"Havijaisha," nikasema, nikampa kopo. Sijui kwa nini nililibeba.

Alilipokea kwa mikono miwili kama mara ya kwanza. Likawa zito. Akalitikisa, likalia. Alilifungua akatazama ndani muda mrefu, akapiga hesabu ya miezi. Yeye naye alikuwa mwepesi wa hesabu.

"Ulikuwa unampa kila siku?"

"Nilibana," nikasema. "Visije vikaadimika."

Tabibu mzee alikuwa amesimama upande wa pili wa kitanda. Nilimtazama yeye nikingoja aseme neno, lolote, la babu zangu, la ubepari, nimjibu. Akainama kumrekebishia mama shuka. Daktari aliweka kopo juu ya dirisha, akaketi kwenye kitanda cha jirani kisichokuwa na mtu, akajishika kichwa.

"Niliuliza swali baya," alisema. Alisema peke yake, wala si kwangu. "Mara nne nimeuliza anavyo. Sikuuliza anakunywa."

Jioni ile nilimuuliza kama majarida yake yana lolote la kumrudisha mtu aliyekwisha kuanguka. Alijibu kwamba ya kuzuia yamejaa, ya kurudisha hakuna. Nilimwambia nina fedha. Alisema anajua. Nilimwambia naweza kumpeleka Dar es Salaam, Nairobi, naweza kuuza ghala. Akasema, "Mzee, keti naye," na hiyo ndiyo tiba pekee aliyonipa.

Nilikaa naye siku nne. Mkono wa kushoto ulikuwa hai. Ulikuwa unatafutatafuta ukingo wa khanga na kuukunja na kuukunjua. Nilitia kidole changu ndani ya kiganja akakishika. Nilizungumza sana, kwa kuwa ndiyo kazi ninayoijua, nikamweleza bei za siku, nani kakopa. Siku ya tatu niliacha kuzungumza. Siku ya nne, adhuhuri, mkono ukaachia.

Watoto walikuwa njiani na hawakuwahi. Sipendi kuandika nilivyowapokea. Mkubwa aliniuliza mama alikuwa anaumwa nini, nikamwambia alikuwa haumwi. Hakuelewa, na mimi sijapata njia nyingine ya kulisema. Siku hizi duka silo langu tena, limekuwa la ushirika, chumvi inauzwa dirisha la pili na mtu mwingine kwa kadi ya mgawo, na daktari alihamishwa mkoa mwingine na masanduku yake. Kabla hajaondoka aliniambia ameandika habari yetu kwa wenzake, bila majina, ili wajifunze kuuliza swali zuri. Nilimwambia vema. Nimejaribu kutafuta ndani yangu mahali ambapo jambo hilo linanifariji na sijapaona.

Nimalize siku ya mazishi. Jeneza lilikuwa limekwisha kufunikwa, wanaume tumejipanga kubeba, shekhe amesimama. Tabibu mzee akatokea, akakaa katikati ya mlango, miguu ameinyoosha, akazuia njia. Watu wakaelewa. Mtani ana haki yake msibani. Maiti haitoki mpaka alipwe, na anayefiwa hakasiriki. Nilitia mkono mfukoni nimpe shilingi mbili tatu kama desturi.

Akatoa kopo chini ya koti lake.

"Nani mfanyabiashara hapa?" akasema kwa sauti ya mnadani. "Mnyamwezi ameacha mali yake hospitali. Nimemletea. Lakini simpi bure, yeye mwenyewe alishawahi kunipa nini bure?"

Wachache wakacheka kwa kuwa utani ukianza lazima mtu acheke. Akamimina vidonge juu ya mkeka, akaomba kisu, akaanza kuvihesabu kwa ncha, viwili viwili, kama wafanyavyo wanapogawa dawa. Alihesabu kwa sauti. Kufika hamsini waliocheka walikuwa wamenyamaza. Kufika mia niliona machozi yanamtiririka mzee yule mpaka kwenye kidevu, na hakuacha kuhesabu, na sauti ya mnadani haikubadilika. Shekhe aliangalia chini. Watoto wangu walikuwa nyuma yangu na sasa walikuwa wanaelewa.

"Mia moja tisini na mbili," alisema. "Mnyamwezi, ulinunua kila kimoja bei gani?"

"Senti thelathini."

"Hawajasikia nyuma."

"Senti thelathini," nikasema kwa nguvu.

"Piga hesabu basi. Si ya kichwani huwa unajisifu? Ununue akiba yako, tumpeleke mama."

Nikapiga, sikuchukua hata pumzi mbili. Nikafungua pochi nikamhesabia kiganjani mbele ya jeneza, noti, kisha shilingi, kisha sarafu tatu za senti ishirini, mpaka ikatimia: shilingi hamsini na saba na senti sitini.